WhatsApp kwa Muislamu anayechunga dini yake: maoni ya mwalimu wa madrasa

Kinamama wa darasa letu hapa Unguja wameniuliza mara nyingi kama WhatsApp inamfaa mtu anayeshika dini, au bora aifute tu. Nasema inamfaa, tena sana, lakini asiitumie vile vile ilivyoingia kwenye simu. Lazima aingie kwenye mipangilio.

Naanza na kufowadi, kwa sababu watu wakitaja fitina za simu hukimbilia picha za uchi, na mimi naona hatari iliyo kubwa zaidi iko hapa. Kila ikifika Shaabani, unarudi ule ujumbe kwamba atakayekuwa wa kwanza kuwapa watu habari ya Ramadhani, Moto ni haramu kwake. Hadithi hiyo haina asili. Zamani kabla ya simu ulikuwapo wasia wa Sheikh Ahmad, anayedaiwa kuwa mtunzaji wa kaburi la Mtume (s.a.w.) kule Madina. Ulipita mkono kwa mkono kwenye karatasi, pamoja na vitisho kwa asiyeunakili. Sheikh Abdulaziz bin Baz, mwanazuoni mkubwa wa Saudia, aliandika waraka kuukanusha, na mpaka leo unanijia kwenye simu! Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayemzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake Motoni. Na katika utangulizi wa Sahihi Muslim imo kwamba yamtosha mtu kuwa muongo kusimulia kila alilolisikia. Anayefowadi anasimulia.

Kwenye hili WhatsApp wamefanya kazi ya kushukuriwa. Tangu 2018 ujumbe wa kufowadiwa unakuja na alama yake. Uliokwisha kupita mikono mingi huwekewa mishale miwili, na tangu Aprili 2020 huo hautumwi ila kwa mtu mmoja au gurupu moja kwa wakati. Nikiiona mishale miwili, ujumbe hauondoki kwangu mpaka nijue hadithi imepokewa na nani. Anayesoma Kiarabu aingie tovuti ya Al-Durar as-Saniyya, aandike maneno machache ya hadithi, ataletewa mpokezi, kitabu na hukumu ya wanazuoni. Asiyesoma Kiarabu amuulize maalim wake. Mimi naulizwa hata baada ya isha na nafurahi. Upungufu uliobaki ni kwamba mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, alama haipo tena, na uzushi unasomeka kama kauli yake mwenyewe.

Kisha stetasi. Mwezi wa Ramadhani zinajaa mifuko ya futari: mchele, sukari, tende, na uso wa mjane anayepokea. Inaniuma. Mjane yule ana watoto wanaokwenda skuli, na wenzao wanaziona picha hizo. Na mtoaji naye anafungua kila saa kuhesabu waliotazama, ilhali miongoni mwa watu saba watakaokuwa kwenye kivuli cha Allah ni yule aliyetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Dawa imo ndani ya programu yenyewe, na wengi hawaijui: nenda kwenye faragha uzime tiki za buluu. Ukizizima, huonyeshwi tena nani ametazama stetasi yako. Unaweka aya au tangazo la darsa, basi, unaondoka. Kwangu mimi hiki ndicho kitufe bora kuliko vyote humo.

Kuinamisha macho nako kuna njia. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, usipokee hata usichokitaka, na bando litakaa. Stetasi za mtu anayekuonyesha yasiyofaa unaweza kuzinyamazisha bila yeye kujua, undugu ukabaki salama. Vile vile chagua nani aruhusiwe kukuingiza kwenye magurupu. Wanawake hasa, msiliache hili wazi kwa kila mtu. Gurupu letu la wazazi wa madrasa tumelifunga, wanaandika wasimamizi tu, na maneno ya kusengenyana yamekwisha.

Kwa kumi la mwisho la Ramadhani naweka mazungumzo yote kwenye kumbukumbu (archive) na kuchagua yabaki humo hata ukiingia ujumbe mpya. Yanakaa kimya mpaka Idi. Gurupu la ukoo peke yake naliacha wazi, na wenzangu waliokaa itikafu wananilaumu kwa hilo. Mimi sikubaliani nao. Jamaa zetu wako Pemba, na mtu akifariki alfajiri anazikwa siku hiyo hiyo. Anayetaka kuiwahi boti aje kusalia jeneza lazima habari imfikie mapema.