Puto la hewa moto Murchison Falls: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano, na nitaeleza ile moja imepotelea wapi.

Safari hizi huruka alfajiri katika hifadhi ya Murchison Falls nchini Uganda, ng'ambo ya kaskazini ya Nile. Bei hutajwa kwa dola, tena mamia ya dola kwa kichwa, kwa hiyo kwa mtu wa mshahara ni jambo la kuwekea akiba. Mimi nafundisha fizikia sekondari. Nilitaka kukiona kwa macho kitu ninachokichora ubaoni kila mwaka.

Nakushauri ufike mapema, maana kwangu kujazwa kwa puto kulishinda hata kuruka. Kikapu kimelazwa ubavu, kitambaa cha nailoni kimetandazwa kwenye nyasi zenye umande, na feni kubwa inasukuma hewa baridi ndani. Puto linavimba mpaka linakuwa kubwa kuliko nyumba, lakini limelala tu. Kisha kichomeo kinawashwa, mwali wa gesi unaingia mdomoni mwa puto, yaani tundu lake la chini, kwa mngurumo, na baada ya muda mfupi puto lilelile linasimama wima huku wafanyakazi wakining'inia kwenye kamba kulizuia.

Kimebadilika nini? Hewa ikipashwa moto hutanuka, na ile inayokosa nafasi hutoka nje kupitia mdomo huo, ambao uko wazi muda wote. Inayobaki ndani ni nyepesi. Kwa kimo cha pale Paraa, ndani ya hifadhi, mita moja ya ujazo ya hewa ya alfajiri ina uzito wa kilo 1.1 hivi. Ipashe ifike nyuzi joto 100, inabaki chini kidogo ya kilo 0.9. Tofauti ni kama robo kilo tu, lakini puto la mita 8,000 za ujazo linaizidisha mara 8,000, na hapo unapata karibu tani mbili za kubeba kitambaa, mitungi ya gesi, kikapu na watu.

Rubani alituambia, "Hewa moto hupanda juu," akaishia hapo. Hapo ndipo nyota yangu ilipopotelea. Watu wamelipa pesa nyingi na wana hamu ya kujua. Dakika tano za maelezo zingetosha. Inapanda juu kwa sababu gani? Kinachosukuma ni mgandamizo wa hewa. Hewa iliyo juu yetu inatukandamiza kwa takriban kilo moja kwenye kila sentimita ya mraba, na kadiri unavyopanda mgandamizo unapungua, kwa kuwa hewa iliyobaki juu yako ni kidogo. Mdomoni mwa puto, mgandamizo wa ndani na wa nje ni sawa, ndiyo maana hewa moto haichomoki. Lakini ukitoka mdomoni kwenda juu ndani ya puto, mgandamizo unapungua polepole kuliko nje, kwa sababu hewa moto ni nyepesi. Ukifika kileleni, wa ndani umeushinda wa nje. Kwa puto la kimo cha mita 30, ushindi huo ni kama kilo saba kwa kila mita ya mraba ya paa. Ni msukumo mdogo mno, na ndio unaowanyanyua watu wazima kutoka ardhini!

Ndugu Montgolfier wa Ufaransa, waliorusha puto lao hadharani mwaka 1783, waliamini moshi wenyewe ndio unaoinua. Puto liliruka hivyohivyo.

Huko angani hakuna upepo usoni, kwa kuwa unakwenda nao. Tuliona twiga katikati ya mivumo, tembo, kongoni, na Nile ikielekea Ziwa Albert. Mimi macho yalikuwa kwa rubani. Anawasha mwali, na puto halijibu papo hapo. Sekunde kadhaa zinapita ndipo linapopanda, maana hewa yote ile ni mzigo wa tani kadhaa. Usukani hakuna. Akitaka kugeuka, hupanda au kushuka akatafute upepo unaoelekea kwingine, na akitaka kutua huvuta kamba inayofungua tundu la kileleni, hewa moto itoke. Kazi yake aliifanya kwa umahiri mkubwa, hilo nalisema bila kusita.

Kabla ya kuruka, kijana mmoja wa kikosi cha chini alinielekeza kwa Kiswahili safi: "Mwalimu, ukisikia tunatua, kunja magoti, upe mgongo tunakoelekea, shika kamba usiachie." Mfuate. Kikapu kiligonga ardhi na kuburutwa kidogo. Mjamzito au mwenye maumivu ya mgongo asijaribu.

Vaa kofia, kwa sababu mwali unachoma utosi hata kama asubuhi ina baridi. Uliza mapema kama upepo ukikataa utarudishiwa pesa au utapangiwa siku nyingine. Jua likishapasha ardhi hewa huchafuka, kwa hiyo asubuhi ikipita hakuna kuruka tena siku hiyo.

Ombi langu kwa wenye safari hizi: zikaribisheni shule za Pakwach, Nwoya na Masindi zije kutazama puto likijazwa. Wanafunzi hawahitaji kuingia kikapuni. Wasimame tu nyasini, na mtu awaeleze ule mdomo ulio wazi.