Krimu ya asaikloviri: inasaidia ukiiwahi
Nimemaliza tyubu 2 za krimu ya asaikloviri ya asilimia 5, dawa ya kupaka malengelenge ya midomo yanayoletwa na virusi vya herpesi (HSV-1). Ya kwanza nilianza kuipaka malengelenge yakiwa yameshajaa mdomoni, nikaona pesa imepotea bure. Mara ya pili niliamka alfajiri mdomo unachonyota, nikapaka palepale, mara 5 kwa siku, siku 4. Kidonda kilikuwa kidogo, kikakauka kama siku moja mapema kuliko nilivyozoea.

Nilidhani nimepona kabisa. Kiliporudi baada ya homa, mfamasia wa mtaani kwetu alinieleza kwa upole: "Dada, wengi wetu tunavipata virusi hivi utotoni, kwa mate au busu. Vinajificha kwenye fundo la neva, ndani ya fuvu usawa wa sikio, vinalala humo maisha yote. Homa, jua kali au uchovu huviamsha, hata uwe na afya njema." Krimu haifiki huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanavyo. Nilishusha pumzi, maana majirani walishaanza kunisema vibaya.

Tyubu ya tatu nimeshanunua, iko kwenye pochi. Na kidonda kikiwepo, mwanangu mchanga simbusu kabisa.