Kutoa kutu kwenye speya za gari la zamani: ununue nini Nairobi

Mwenye Peugeot 504, au Datsun 160J kama lile lililompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally mwaka 1979 na 1980, anaijua shida ya speya. Utazunguka Kirinyaga Road upate ya kuigiza isiyokaa sawa, na ile ya kiwandani iko nyumbani imeshika kutu. Iokoe hiyo. Nimezipanga dawa hizi kwa kigezo kimoja: itoe kutu, iache chuma.

Kwanza toa grisi kwa mafuta ya taa na brashi ngumu. Usitumie petroli, mvuke wake hudaka moto upesi.

1. Asidi ya sitriki. Ni ule unga mweupe unaotiwa kwenye juisi. Maduka ya kemikali huuza kwa kilo. Gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji, kwenye ndoo ya plastiki. Loweka boliti, bawaba au rimu, chungulia kila baada ya saa chache, sugua. Ukiiacha siku nyingi itakula chuma chenyewe. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha, paka oili au praima papo hapo, maana chuma kitupu hurudiwa na kutu haraka. Kama pesa inatosha kitu kimoja, nunua hii.

2. Magadi na chaja ya betri. Magadi yaleyale ya githeri. Kijiko kikubwa kwa lita 4 za maji, waya hasi wa chaja kwenye speya, chanya kwenye chuma chakavu, vyote viwili ndani ya maji hayo ila visigusane. Chuma kizima hakiliwi hata kidogo. Imekuwa ya pili kwa sababu inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka: fanyia nje, na uzime chaja kabla ya kugusa nyaya. Upande wa chanya usiweke stenlesi, hutoa sumu ya kromiamu. Kabureta isiingie humo, kwani magadi hula alumini. Inunulie dawa ya kopo ya kusafishia kabureta.

3. Kupigwa mchanga kwa mashine ya upepo (sandblasting). Kwa chesisi, hakuna kinachoshinda. Lakini bati la mlango hupinda, na sehemu za injini hubaki na mchanga kwenye njia za oili.

4. Asidi ya betri. Usinunue, hata ukipewa bei ya chini. Huunguza macho na mikono, na springi au boliti ngumu ikilowekwa humo huwa dhaifu kwa ndani, ikatike barabarani.

Kromu ya bampa isugue kwa foili ya jikoni iliyoloweshwa maji. Ilipobanduka, foili haisaidii. Mpelekee fundi wa kromu aipake upya.