Fundi asiyekimbilia kupiga Windows upya

Ukimpelekea fundi wa Dar kompyuta na kumwambia inalalamika kuna faili halipo, mara nyingi jibu unalipata kabla hujaketi: "Tupige Windows upya, elfu kumi na tano," yaani afute mfumo wote na kuuweka mpya. Hajauliza faili gani wala ujumbe unatokea lini. Na ni kweli, kupiga Windows upya huondoa malalamiko mengi, kama kubomoa nyumba kunavyoondoa kunguni. Lakini mimi nachapa mitihani ya shule za msingi nyumbani kwangu Mbagala. Windows mpya kwangu maana yake ni kusaka upya driva, ile programu inayoiunganisha kompyuta na printa, ya printa ambayo haitengenezwi tena, kurudisha fonti, na kuomba Mungu yule kijana akumbuke kunakili lile folda la Desktop kabla hajafuta kila kitu.

Kwa hiyo nikiona fundi anayeanza na maswali, naandika watu wamjue. Huyu yuko Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, ghorofani juu ya maduka ya simu. Hana bango. Ana meza moja, skrini mbili, feni inayopiga kelele, na rafu ya CPU zilizobandikwa vikaratasi vya majina ya wenyewe. Ukimpigia simu kabla hujaenda atakuambia uje na CPU peke yake, skrini na kibodi uviache nyumbani. Ushauri mzuri kwa anayepanda daladala.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex ya mezani, used ya Dubai kama ndugu zake wengi wa Kariakoo, RAM ya GB 8 na diski ya zamani ile ya kuzunguka. Ilikuwa na malalamiko matatu. Kila nikiiwasha, kinatokea kidirisha kilichoandikwa Windows Script Host, kinasema hakioni faili fulani lenye mkia wa .vbs, yaani faili la amri, ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka vitu vyake. Programu ya kuhariri video ya mpwa wangu ilikataa kufunguka, ikidai MSVCP140.dll haipo. Halafu, tangu umeme ulipokatika katikati ya sasisho, ukurasa wa mipangilio ya printa ukawa unafunguka nusu na kusema moduli iliyotajwa haikupatikana. Mimi nilidhani ni ugonjwa mmoja wenye dalili tatu.

Alichonifurahisha ni kwamba hakugusa hata kimoja kati ya hivyo. Aliuliza, "Mama, kazi zako umezihifadhi wapi?" Nikamwonyesha. Akachomeka flashi yake na kufungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiwekea kuhusu afya yake. Diski yenye afya huonyesha alama ya buluu. Yangu ilikuwa ya njano. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa sekta zinazosubiri, yaani vipande vya diski ambavyo mashine imejaribu kuvisoma ikashindwa na haijaamua kama ni vizima au vimekufa. "Faili likiwa limekaa juu ya sekta ya namna hii," akasema, "Windows itakuambia halipo au limeharibika, na haikudanganyi. Lakini ukilileta jingine ukaliweka diski hiyohiyo, wiki ijayo tutaonana."

Nikamuuliza kwa nini asipige chkdsk, zana ya Windows ya kukagua diski, maana hiyo nimeisikia kwa kila mtu. Akasema chkdsk yenye /r hupekua diski nzima, sekta kwa sekta, na diski inayoelekea kufa inaweza kufia humo humo kabla hujanakili kitu. Kwanza kazi zitoke, ndipo matibabu. Tukanakili mitihani yote kwenye diski yangu ya nje, na kasi ilikuwa ya kusikitisha: ilikuwa inashuka hadi kusimama kabisa, kisha inaamka tena. Wakati inanakili alihudumia wateja wengine, akawa anairudia kila baada ya muda. Akaniambia ninunue SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 256 popote ninapotaka, hana duka analonisukumia. Niliinunua chini palepale baada ya kulinganisha bei, naye akahamishia mfumo mzima humo kama ulivyo, pamoja na driva yangu ya printa na fonti zangu.

Ndipo akaja kwenye yale makosa, na kila ujumbe aliuanza kwa swali lilelile: hili faili ni la nani? La Windows, la programu uliyoiweka mwenyewe, au la mgeni asiyealikwa?

Lile la .vbs lilikuwa la mgeni. Wateja wangu huniletea kazi kwenye flashi, na flashi zetu tunazijua. Kirusi cha flashi hujinakili kwenye kompyuta kama faili la .vbs, kisha huandika amri kwenye orodha ya vitu vya kuanza navyo: kila mashine ikiwashwa, niite. Antivirasi yangu ililifuta faili, ila amri ya kuliita ikabaki. Kwa hiyo Windows ilikuwa inamwita marehemu kila asubuhi na kuniletea taarifa kwamba haitiki. Yaani ujumbe ule ulikuwa karibu ni habari njema! Angekuwepo nisingeona kitu.

Hapa alitumia Autoruns, ya Sysinternals, ambayo ni mali ya Microsoft. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Inaorodhesha kila kitu kinachojiwasha chenyewe, na mistari ambayo faili lake halipo huipaka njano. Aliondoa tiki kwenye mstari wa .vbs, akawasha mashine upya, kidirisha hakikuonekana, ndipo akaufuta kabisa. Nilipenda kwamba aliondoa tiki kwanza badala ya kufuta moja kwa moja. Katika orodha ile kulikuwa na mistari mingine ya njano na hakuigusa, alisema haina madhara na yeye hafuti asichokijua.

Palepale nikachomoa kwenye pochi flashi ya mteja ambayo ilikuwa imegeuka njia za mkato tupu, kazi zote hazionekani. Wengi tukiona hivyo tunaiformati huku tunamlaani mwenye flashi. Fundi alifungua dirisha jeusi la amri akaandika hivi, E ikiwa ndiyo herufi ya flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zikarudi zote. Zilikuwepo muda wote huo, kirusi kilizificha tu kwa kuzivalisha alama ya faili la mfumo, kikaweka njia za mkato za uongo mahali pake ili ukizibofya ukiamshe. Alifuta zile njia za mkato, akaipitisha flashi kwenye antivirasi, akanirudishia. Kwa hilo hakunidai hata senti.

MSVCP140.dll ni kisa kingine. Hilo ni faili la maktaba ya Visual C++ ya Microsoft, ambayo programu nyingi huitegemea badala ya kila moja kubeba ya kwake. Mpwa wangu alikuwa ameshalitafuta kwenye mtandao, akaingia kwenye tovuti moja kati ya zile zinazogawa mafaili ya .dll moja moja, akalitumbukiza kwenye System32. Ujumbe wa kukosekana ukaondoka kweli, ukaja mwingine wenye namba 0xc000007b, ambao haumwambii mtu wa kawaida lolote.

Fundi alipoiona namba hiyo alicheka. Windows ya biti 64, aina iliyo kwenye kompyuta nyingi za sasa, ina folda mbili za maktaba, na majina yake yamewekwa kama mtego: System32 ndimo yanamokaa mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndimo yanamokaa ya biti 32. Ukiweka la 32 mahali pa la 64, programu inalikuta faili lakini haiwezi kulitumia, na hapo ndipo namba ile hutokea. Mbali na hilo, faili lililookotwa kwenye tovuti isiyojulikana huwezi kujua limebeba nini tumboni. Akalifuta, akasakinisha furushi la Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft, ya x64 (biti 64) na ya x86 (biti 32) pia, kwa sababu programu ya biti 32 hutaka ya kwake hata kama Windows yako ni ya 64. Ni bure na ni furushi dogo, hata kwa bando la siku linapakuliwa bila maumivu. Programu ikafunguka, mpwa akapigiwa simu akasomewa somo. Kama na wewe umewahi kudaiwa VCRUNTIME140.dll, ni furushi hilohilo.

Kwa mafaili ya Windows yenyewe alitumia zana ambazo kila mwenye Windows 10 au 11 anazo bila kujua. Unafungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua kuiendesha kama msimamizi, bila hivyo itakukatalia. Ya kwanza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii inakarabati ghala la Windows la mafaili ya akiba. Ikiisha ndipo inafuata sfc /scannow, inayolinganisha mafaili ya mfumo na ghala hilo na kurudisha yaliyoharibika. Mafundi wengi huanza na sfc, ikishindwa wanasema mashine imekufa. Kumbe ghala lenyewe likiwa bovu sfc haina pa kuchukua. Angalizo kwa wenye bando: DISM huchota mafaili yake kutoka Windows Update, na inaweza kusimama kwenye asilimia ileile muda mrefu ukadhani imekwama. Usiizime. Fundi yeye ana flashi yenye Windows ya toleo lilelile akaielekeza ichote humo. Mwisho sfc ikaandika kwamba imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyarekebisha, na ukurasa wa printa ukafunguka mzima.

Sasa yanayoudhi, maana yapo. "Njoo jioni" ya huyu bwana ni kesho mchana. Simu huipokea akitaka. Risiti hakunipa mpaka nilipoikazania, na nilipopewa ilikuwa imeandikwa "matengenezo" tu, bila kutaja alichofanya. Uchunguzi ni shilingi elfu tano hata ukiamua kutoendelea, jambo ambalo mimi naliona la haki lakini wako watakaolalamika. Matengenezo yenyewe yalikuwa elfu ishirini na tano, ghali kuliko kupiga Windows upya. Mimi nilikuwa tayari kulipa hiyo tofauti kwa ajili ya printa peke yake.

Halafu kuna suala la programu za kuvunjwa, zile zinazotumika bila leseni ya kulipia. Kwenye mashine yangu ilikuwamo programu ya kuchapia iliyowekwa na aliyeniuzia, na antivirasi ilikuwa inalinyakua faili lake la kuvunjia leseni na kulitia kifungoni. Hiyo nayo huzaa ujumbe wa faili halipo, tena ndicho chanzo cha kawaida kwenye kompyuta zetu. Nilimwomba alirudishe kutoka kwenye historia ya antivirasi. Akakataa katakata, akaniwekea LibreOffice, programu ya bure ya kuchapia. Namheshimu kwa msimamo wake, lakini majedwali ya mitihani yangu yalihama, namba za maswali zikashuka mstari, na nimekesha nikiyanyoosha. Angeniambia mapema kwamba hati zenye majedwali mazito zinaweza kucheza, ningejiandaa. Nyota moja nimeikatia hapo.

Jambo moja alilisema wazi bila kunizungusha: Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu ya Intel ya kizazi cha sita haimo katika orodha ya Windows 11, ambayo kwa Intel, kwa sehemu kubwa, huanzia kizazi cha nane. Fundi mwingine angeniwekea 11 kwa mlango wa nyuma akachukua hela. Yeye alisema mashine itaendelea kufanya kazi, ila flashi za wateja nizipitishe kwenye antivirasi kabla sijafungua chochote, na nianze kuweka akiba ya mashine nyingine.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ukienda, piga picha ya ujumbe wa kosa kwa simu, mzima, pamoja na jina la faili na njia yake yote, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza atakachokuomba, na ukimjibu "iliandika kitu kama dll hivi" atakurudisha nyumbani. Beba diski ya nje ya kunakilia. Nenda asubuhi siku za kati ya wiki. Jumamosi ngazi zote zimejaa wanunuzi wa simu, na kupanda na CPU mkononi katikati ya umati ule sikushauri.