TAHADHARI: pakeji ya kupiga mbizi Zanzibar inayozunguka mu magrupu ya Goma, usitume avansi

Wandugu wa Goma, Bukavu na wote mnaopanga kwenda baharini hii likizo, someni hii yote ju kuna mutu anazunguka mu magrupu ya WhatsApp anauza pakeji ya siku 4 Matemwe, hoteli, bwato, mbizi 3 pale kisiwa cha Mnemba, vyote dola 420 kwa mutu. Sisi tulikuwa watatu, mimi, bibi yangu na mudogo wangu. Tulituma avansi dola 630 kwa simu na kwake hatukupata hata mbizi moja.

Anaongea vizuri sana, hiyo lazima niseme. Anatuma vokali, anakuita yaya, Kiswahili yake ni ya pwani kabisa, haharakishi mutu. Akatuma foto ya karatasi yenye alama ya PADI (shirika la kimataifa linalofundisha mbizi na kutoa vyeti), foto ya chupa za hewa zimepangwa ku ukuta, foto ya bwato. Mimi nimekulia ku Kivu, naogelea tangu mutoto, lakini bahari nilikuwa sijaigusa, na njo pale alitukamatia, ju mutu wa ziwa hajui maswali ya kuuliza juu ya bahari.

Tulipofika Matemwe tukaenda moja kwa moja ku kituo cha mbizi ambacho huyo mutu alikuwa anatumia jina lake. Dada wa mapokezi akafungua kitabu, akapitisha kidole ku majina, akarudia tena kutoka juu, kisha akasema poleni sana, hamumo, na huyo mtu simjui. Wao hawana kosa, jina lao limeibiwa tu. Nikapiga ile nimero pale pale mbele yake, haikuingia, mesaji zikabaki na alama moja mpaka leo. Bibi yangu akakaa chini ku kizingiti na begi yake bado iko mugongoni.

Kuhusu ile foto ya bwato: ni mutumbwi murefu mwembamba, pua imeinuka juu na imefungwa vitambaa vya rangi na maua. Muzee mumoja wa ngalawa nilimuonyesha, akaishika simu, akaisogeza karibu na macho, akasema mwanangu chombo hiki si cha huku. Na ni kweli, ile ni mitumbwi ya Thailand, vitambaa wanavifunga pale kwa heshima ya roho inayolinda chombo. Ngalawa ya Zanzibar ina mbao mbili pembeni za kuishikilia isipinduke. Foto ilikuwa mu simu yangu miezi miwili mizima na sikuona chochote.

Sasa kilichoniogopesha kuliko pesa. Kile kituo cha kweli kilikubali kutupokea tulipe pale pale, na kabla ya kuongelea bei wakatupa karatasi ya maswali ya afya: pumu, moyo, masikio, dawa unazokunywa. Mudogo wangu ana pumu. Wakamwambia bila barua ya daktari hashuki, akabaki juu na maski na pumzi ya kawaida. Yule wa WhatsApp hakutuuliza afya hata siku moja, na alituahidi mita 30 siku ya kwanza! Mutu asiye na cheti chochote cha mbizi, yaani anajaribu kwa mara ya kwanza, hapitishi mita 12 na mwalimu akiwa pembeni yake, mwenye Open Water, cheti cha kwanza, ni mita 18, hizo 30 ni za Advanced, cheti kinachofuata. Fikiria kama angekuwa na bwato kweli.

Programu yake pia ilikuwa inamusema yeye mwenyewe. Eti tunatoka saa tatu asubuhi kila siku. Ziwa letu halipwi halijai, kwa hiyo sikushangaa, lakini upande ule bahari inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa zaidi) tofauti inapita mita 3, na Matemwe maji yanaenda mbali mpaka watu wanatembea pale ambapo asubuhi kulikuwa na mabwato. Mwalimu wa pale anaangalia kwanza jedwali la maji, saa ya kutoka inabadilika.

Halafu siku ya mwisho alikuwa ameweka mbizi asubuhi, ndege saa tisa. Hiyo ni hatari na muishike vizuri. Chini ya maji mwili unabeba naitrojeni mingi, gesi iliyo mu hewa tunayopumua, na ukipanda haraka kule juu ambako hewa ni nyepesi, inatengeneza mapovu mu damu na mu viungo. Ukipiga mbizi moja unangoja angalau saa 12 kabla ya ndege, ukipiga nyingi saa 18, na wengi wanakaa 24 kabisa. Sisi tena hata tukishuka ndege bado hatujashuka, Kigali na Goma zote ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari.

Kwa hiyo mutu akikuuzia, muombe nimero ya PADI ya mwalimu, siyo ya simu, uiangalie ku tovuti ya PADI wenyewe, siyo ku linki anayokutumia. Muombe leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Tafuta mwenyewe simu ya kituo upige uulize kama wanamujua. Avansi ikienda ku jina la mutu binafsi na siyo la kampuni, acha. Na muulize bila kumusaidia: ile siku maji yanajaa saa ngapi? Wa kweli atakujibu au ataenda kuangalia, wetu alijibu "hakuna shida yaya".

Jana rafiki wa Bukavu amenitumia tangazo jipya. Nimero ingine, jina ingine, bei dola 390, sasa anasema ni Diani, Kenya. Foto ni ile ile, mutumbwi wa vitambaa. Kama ulishamulipa, weka risiti na vokali zake usifute kitu, uniandikie inboksi, tuko tayari watu watano tunaandaa malalamiko pamoja.