Maurten 320 na Gel 100 kwenye wikendi ya triathloni ndefu: poda, jeli na chumvi inayopungua

Kwenye triathloni ya kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, wengi wanaomaliza kwa kutembea hawakukosa mazoezi ya miguu. Waliishiwa sukari mwilini, au tumbo liligoma kupokea. Ndiyo maana chakula cha njiani kinastahili kupimwa kwa ukali uleule tunaopimia tairi na viatu, na kipimo chake ni wikendi nzito: Jumamosi baiskeli kwa muda wa saa tano na nusu na kushuka moja kwa moja kukimbia dakika 40, Jumapili kukimbia kwa muda wa saa mbili na nusu juu ya miguu iliyochoka. Bidhaa inayopita hapo itapita siku ya shindano.

Maurten ni kampuni ya Sweden inayotengeneza vinywaji na jeli za wanariadha, na jina lake lilivuma Afrika Mashariki kupitia Eliud Kipchoge, aliyekunywa kinywaji chake alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:39 Berlin mwaka 2018. Pakiti moja ya poda ya Drink Mix 320 inachanganywa na nusu lita ya maji na kutoa takriban gramu 80 za wanga. Jeli ya Gel 100 ina gramu 25. Vyote viwili vina glukosi na fruktosi kwa uwiano wa karibu 1 kwa 0.8, na uwiano huo ndio kiini cha bidhaa. Utumbo hupitisha glukosi kwa njia moja ambayo hujaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa, lakini fruktosi ina njia yake. Ukitumia zote mbili unafika gramu 90 kwa saa, na waliolizoesha tumbo huvuka hapo.

Kinachoitofautisha na vinywaji vingine ni alginati, inayotokana na mwani. Si mwani unaolimwa Paje na Jambiani kule Unguja, ambao hutoa karajini, kigandishi cha aina nyingine, bali mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ikikutana na asidi ya tumboni, alginati hugeuka ute mzito unaobeba sukari, na kampuni inasema hilo huisaidia kufika utumboni bila kulisumbua tumbo. Tafiti nyingi huru zilizoilinganisha na sukari ileile isiyo na ute, hasa kwenye baiskeli, hazikuona tofauti kubwa ya mwendo. Thamani yake iko kwingine: haina rangi wala ladha ya matunda, na utamu wake ni mpole. Saa ya tano juani, wakati kinywaji chenye ladha ya chungwa kinakutia kichefuchefu, hiki bado kinanyweka. Kwa mashindano marefu hilo si jambo dogo.

Maji ndiyo kikwazo cha kwanza, na Pwani ni kikwazo hasa. Alginati huganda ikikutana na kalsiamu. Maji ya visima vya Mombasa, Diani, Unguja na sehemu nyingi za Dar es Salaam hupita kwenye miamba ya matumbawe, kwa hiyo yamejaa kalsiamu. Ukiona ukoko mweupe ndani ya birika lako, usitumie maji hayo. Poda itakuwa na mabonge na kuziba mdomo wa chupa. Tumia maji ya mvua yaliyochemshwa, au maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha kalsiamu ndogo. Weka maji kwanza, kisha poda, tikisa, acha dakika chache, tikisa tena. Ukianza na poda, inashika chini na haitoki hata kwa kijiko. Vidonge vya madini vinavyochemka majini usivitie humo, kwa sababu vina asidi na vingine vina kalsiamu, na ute utaanza kutengenezwa ndani ya chupa badala ya tumboni.

Usijaribu kutia pakiti mbili kwenye chupa moja ili kuokoa nafasi. Gramu 80 katika nusu lita tayari ni mkolezo wa asilimia 16, na tumbo lililokaukiwa halipokei zaidi ya hapo. Beba pakiti kavu kwenye mfuko wa nyuma wa jezi na uchanganye njiani. Hapo tatizo la maji linarudi, kwa hiyo panga mapema duka utakalosimama.

Hesabu ya Jumamosi ni rahisi: pakiti 5 na jeli 2 kwa saa tano na nusu ni kama gramu 80 kwa saa. Kunywa mafunda mawili matatu kila dakika 10, si nusu chupa kwa mkupuo. Pamoja na kila chupa ya poda, maliza chupa ya maji ya kawaida. Kwenye joto la Pwani mtu hupoteza lita moja hadi moja na nusu ya jasho kwa saa, na nusu lita ya kinywaji haifui dafu. Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya saa moja ya baiskeli: kila kilo iliyopungua ni lita moja, ukijumlisha na ulichokunywa.

Na chumvi? Hapa ndipo bidhaa hizi zinapopwaya. Poda ina sodiamu kiasi, jeli karibu haina kitu, chini ya miligramu 50. Jasho hubeba kuanzia miligramu 400 hadi zaidi ya 1,500 za sodiamu kwa lita, kutegemea mtu. Ukiona jezi nyeusi imechorwa mistari myeupe, uko upande wa juu. Dawa ni robo kijiko cha chai cha chumvi ya jikoni, takriban miligramu 600 za sodiamu, kwenye ile chupa ya pili ya maji. Madafu hayafanyi kazi hii. Yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo yaache kwa baada ya mazoezi.

Jeli ndiyo bora kuliko poda, na sisemi hivyo kwa kusita. Inakatika kama halua laini, haishiki mdomoni, na inamezeka bila maji, jambo ambalo jeli nyingi za sharubati haziwezi. Moja kila dakika 25 inakupa gramu 60 kwa saa, kwa hiyo Jumapili unahitaji 6, na Jumamosi 1 baada ya kushuka baiskelini. Kasoro yake ni mfuko: ukishaufungua haufungiki, na mikono yenye jasho hushindwa kuuchana. Kata pembe kidogo kwa mkasi nyumbani, ukiacha uzi mwembamba wa plastiki. Ile yenye kafeini ina miligramu 100. Ijaribu mazoezini kwanza, maana wengine huwapeleka msalani mbio.

Tumbo linazoezwa. Anza na gramu 50 hadi 60 kwa saa, ongeza 10 kila wiki. Likijaa na kuvuruga, mara nyingi sababu ni kasi: damu imekimbilia misuli na kuuacha utumbo. Punguza mwendo kwa dakika 10 hadi 15, kunywa maji tu, kisha rudi na nusu ya kiasi. Asubuhi kula mkate mweupe, ndizi na chai ya sukari, saa tatu kabla ya kuanza mazoezi. Maharage na matunda yenye nyuzi yasubiri jioni.

Bei inauma. Pakiti au jeli moja ni takriban dola 4, kwa hiyo wikendi hii ya pakiti 5 na jeli 9 inagharimu kama dola 56 kabla ya usafirishaji na ushuru. Mbadala uko jikoni: sukari ya kawaida ni nusu glukosi, nusu fruktosi, hivyo gramu 80 kwa nusu lita, pima kwa mizani, pamoja na robo kijiko cha chumvi na ndimu, zinakaribia sana uwiano uleule. Ni tamu mno na huchosha ulimi baada ya saa tatu, lakini inafanya kazi, na haijali maji yenye kalsiamu nyingi. Tumia sukari kwa wikendi za kawaida. Maurten ianze wikendi tatu za mwisho kabla ya shindano, ukitumia maji utakayoyatumia siku yenyewe.