Kipimo cha vibandiko kwa mzio wa glavu: uzoefu wangu Tabora

Mimi ni mkunga, na kazi yangu ni mikono. Mwaka jana vidole vilianza kuwasha, vikatoka malengelenge madogo, kisha ngozi ikapasuka kama tope la Bwawa la Igombe wakati wa kiangazi. Nilibadili sabuni, nikapaka mafuta ya mgando, wapi! Wenzangu wakasema ni fangasi.

Nikaenda kliniki moja binafsi hapa mjini, ambako daktari wa ngozi huja kwa wiki moja moja. Kabla ya kupima aliniuliza: ukivaa glavu unapiga chafya? Ukipuliza puto midomo inavimba? Ukila ndizi, parachichi au papai, koo linawasha? Yote hapana. Akanieleza kuwa mzio wa utomvu wa mpira wenyewe huja ndani ya dakika chache, unaweza hata kuua, na vibandiko, yaani plasta ndogo zenye kemikali zinazoshukiwa, kila moja mahali pake, haviuoni; huo hupimwa kwa damu au kwa kudonoa ngozi. Wangu ulikuwa ukijitokeza baada ya siku moja au mbili, na hapo ndipo vibandiko vinapofaa. Daktari wako asipokuuliza hayo, mwambie mwenyewe.

Jumatatu nikabandikwa mgongoni. Saa 48 usiloweshe mgongo, usitoke jasho. Tabora, mwezi wa kumi! Nilijipangusa kwa kitambaa, mwanangu akachota maji, na kutoka kata ya Ng'ambo nilipanda bajaji. Usiku wa pili pembe moja ilibanduka, mume wangu akaishikiza kwa plasta. Maelekezo yalikuwa ya mdomo tu. Wangetupa karatasi ya kwenda nayo nyumbani.

Jumatano vikatolewa, hakukuonekana kitu. Nilitamani kuishia hapo. Ijumaa niliporudi, penye thiuramu pamevimba, pekundu, pana vipele. Thiuramu ni kemikali inayotumika kiwandani kuuimarisha mpira. Kumbe si utomvu ulionisumbua! Ndiyo maana nasema usikose siku ya pili ya kusomewa.

Bima yangu haikulipia, nilitoa mfukoni. Sijutii hata kidogo. Daktari alinionya pia kwamba glavu za naitrili, yaani mpira wa kutengenezwa usio na utomvu, si salama zote, kwani baadhi zina kemikali za jamii hiyohiyo, nisome boksi. Nimepata zisizo nazo, na baada ya wiki kadhaa mikono imepona.

Barua yake ipo kwenye faili langu kazini. Boksi nimeliandika jina, na nawaomba wenzangu wasilichukue, maana likiisha katikati ya zamu ya usiku sina kingine cha kuvaa, na mama anasukuma.